Kwa Nini Sifanyi Tena Vibuyu Vinavyolia



Kila wiki napata ujumbe wa bibi harusi mmoja au wawili wanaotaka vile vibuyu vyangu vidogo vizima, vyenye shingo na utepe, vinavyolia ukivitikisa. Wameviona kwenye picha za zamani. Jibu langu ni moja: sivifanyi tena, nafanya vya wazi tu. Wapo wanaodhani naringa, na wapo waliosema nimepata wateja wakubwa nikawasahau wa kawaida. Leo nimeona nieleze yote. Kuna sehemu inanitia aibu kuisema, lakini huenda ikamfaa dada mwengine anayetafuta riziki yake kwa mikono.

Mie ni mtoto wa Unguja. Nimesoma hadi kidato cha nne, nikachukua kozi ya ushonaji, kisha nikaolewa na mfanyabiashara wa mpunga. Mpunga ndio uliotupeleka Kibaoni, mkoani Katavi, ule mkoa uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Wengi mmelisikia jina la Kibaoni kwa sababu ndiko nyumbani kwa Waziri Mkuu mstaafu Mizengo Pinda. Ukitoka Mpanda unapita Sitalike, penye viboko wa mto Katuma, kisha barabara inaingia ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Siku ya kwanza niliona abiria wote wanafunga vioo vya basi katikati ya joto. Nikajua ni kwa ajili ya simba. Kumbe ni mbung'o! Aliyeumwa na mbung'o mara moja hahitaji kuambiwa tena.

Nilifungua kibanda cha cherehani karibu na nyumba yetu. Nashona sare za skuli, magauni, mabaibui ya kuagizwa, na nguo za harusi. Mwaka wa kwanza nilikuwa mpweke sana. Kwetu ukitoka mlangoni unaona bahari au unaisikia. Kule ni mashamba ya mpunga, ng'ombe wa Wasukuma, na upepo wa kiangazi unaokausha mpaka midomo.

Mshono nilioukuta kwenye kibuyu

Jirani yangu ni bibi wa Kisukuma. Si Muislamu, lakini katika ujirani sijaona mwema kumshinda. Asubuhi moja nilimpitia nikamkuta ananing'iniza kibuyu kikubwa kwa kamba na kukisukuma huku na huku, anasukasuka maziwa ili apate samli. Wenyewe wanakiita kisabo.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimu, kama alivyonifundisha.

Akacheka kwa matamshi yangu, akanipa kigoda. Ndipo nikaona ubavuni mwa kile kibuyu pana ufa mrefu, na ule ufa umeshonwa. Wallahi, umeshonwa! Matundu madogo pande mbili, na uzi umepita kwa kukatana, umekazwa barabara, hata tone la maziwa halitoki. Nikainama kuutazama kama ninavyoutazama mshono wa fundi mwenzangu.

"Nani kakishona hiki?"

"Mama yangu. Kilipasuka mie sijaolewa."

Yeye mwenyewe sasa ana vitukuu. Nikawaza nguo ngapi nimeshona ambazo hazitafika hata miaka mitano. Siku hiyo nikaomba mbegu.

Mmumunye ni mmea usio na masharti mengi. Kule kwetu naupanda mvua zikianza, mwezi wa Novemba au Disemba, kando ya ua ili upate pa kupandia. Hutambaa kwa haraka ukashangaa. Maua yake ni meupe na hufunguka jioni, wakati wa Magharibi kuelekea Isha, na vipepeo wa usiku ndio wanaoyazungukia. Mara nyingi nikitoka kuchukua udhu wa Isha nayakuta yamefunguka, meupe gizani, nikasema subhanallah.

Tunda changa la aina tamu ni mboga, lile mumunye tunalolijua sote. Ukiliacha linakomaa na ganda linakuwa gumu kama ubao. Hapo ndipo pana subira. Usilikate kabla ya kikonyo chake kukauka chenyewe. Mwaka wa kwanza nilikuwa na pupa, nikakata yangali mabichi. Karibu yote yalinyauka na kuoza. Yaliyokomaa unayaweka penye kivuli na hewa, usiyarundike, na unayageuza. Yataota ukungu mweusi, yatatisha kama yanaoza, na mgeni wa kazi huyatupa hapo. Usiyatupe. Miezi miwili, mitatu, makubwa hata zaidi, maji yote hutoka kupitia ganda. Siku utakayolinyanyua ukaona jepesi kama ganda la yai, na mbegu zikalia ndani, basi limeshakuwa kibuyu.

Kisha unakilowesha, unakisugua kwa waya wa masufuria mpaka ngozi ya juu itoke, na ndani yake unakuta rangi ya asali. Mie nachora maua kwa penseli kwanza, halafu naunguza mchoro kwa msumari uliopashwa moto kwenye jiko la mkaa. Michoro yangu ni ile ile ya hina: maua, majani, vikonyo vinavyozunguka kama tunavyopakana mikononi usiku wa kesha. Wanyama na watu sichori. Walinijia watu wa biashara ya watalii wakitaka tembo na viboko, nikawaambia mie ni wa maua tu. Walienda kwa mwengine, na riziki yangu haikupungua.

Bibi jirani alipoona kibuyu changu cha kwanza chenye maua alikigeuza geuza, akauliza, "Kitatiwa nini?" Nikamwambia hakitiwi kitu, ni pambo. Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyeshona nguo isiyo na mikono.

Thelathini visivyo na maua

Biashara ilianza polepole. Nilimtumia dada yangu Unguja vitatu, akaviweka sebuleni, wageni wakauliza. Nikaanza kupata oda za vyumba vya mabibi harusi.

Siku moja akaja mtu kibandani Kibaoni. Amevaa vizuri, anaongea kwa upole. Alitaka vibuyu thelathini, vidogo, shingo nyembamba, visivyo na mchoro wowote, kila kimoja na kizibo chake. Bei niliyomtajia, shilingi 3,000 kwa kimoja, hakuipunguza hata senti. Alihesabu shilingi 90,000 mkononi, akaondoka.

Wapenzi, sikumuuliza vya kazi gani.

Niseme kweli mbele ya Mola wangu: nilijua. Mtu anayetaka vibuyu thelathini vya shingo nyembamba bila pambo hajengi sebule. Kwetu visiwani kitu hicho kina jina lake, tunguri, na mtoto wa miaka saba analijua. Lakini nilijiambia mie nauza kibuyu tu, atakachokitia ndani ni chake. Fedha ile nilinunulia vitambaa, na usiku nililala vizuri. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo, kwamba nililala vizuri.

Siku tatu kabla ya harusi

Haikupita miezi miwili nikapata oda kubwa kuliko zote. Bibi harusi wa mjini, harusi yake Mfungo Mosi, alitaka vibuyu vidogo sitini vya kuwapa wageni wa kike, kila kimoja na maua ya hina na utepe wa rangi ya nguo yake. Shilingi 300,000, nusu akaituma mapema. Nilivifanya Ramadhani nzima baada ya tarawehe. Mume wangu akaniruhusu nivilete mwenyewe, nisalimie na wazazi. Basi kutoka Mpanda hadi Dar es Salaam nimekaa na maboksi mapajani, kisha boti. Vinne vilipata ufa njiani. Nilivishona kama nilivyouona ule mshono wa kisabo, na vilitoka vizuri kuliko vizima.

Siku tatu kabla ya nikaha, bibi harusi akanipigia simu analia. Mama mkwe wake mtarajiwa amevirejesha vyote. Amesema matunguri hayaingii kwenye harusi ya mwanawe, na kama bibi harusi anayataka, basi na harusi ingoje.

Niliona jina langu limekwisha. Nilikasirika pia, sifichi. Nikajiambia huyu mama hajui kitu, maua yote haya ya hina hayaoni? Nikavaa baibui nikaenda, nimejiandaa kwa maneno. Nilikuwa na hoja nzuri kabisa: ile hadithi ya Anas bin Malik, Mungu amuwie radhi, iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba fundi cherehani alimwalika Mtume, rehma na amani zimshukie, akamwekea mkate wa shayiri na mchuzi wenye mumunye na nyama kavu, na Mtume akawa anayafuata mamumunye pande zote za sahani. Tangu siku hiyo Anas akalipenda mumunye. Fundi cherehani na mumunye, katika hadithi moja! Nilikuwa naipenda hadithi hiyo kama cheti changu.

Nilipofika nilimkuta mama wa makamo, mpole, amekaa jamvini anachambua asumini.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae. Najua kilichokuleta."

Nikaanza hoja zangu. Aliniacha nimalize zote. Kisha akachukua kibuyu kimoja, akakitikisa sikioni mwangu. Mbegu zikalia.

"Ndani mna nini?"

"Mbegu tu, bi mkubwa."

"Umeziona?"

Sikuwa na jibu. Hakuna anayeziona mbegu za kibuyu kizima.

Ndipo akanihadithia. Aliolewa angali msichana mdogo. Ana mtoto wa miezi saba, siku moja wakaezua makuti ya jikoni kuyabadilisha, kikaanguka kibuyu kidogo chenye kizibo. Hakukiweka yeye. Mpaka leo hajui nani alikiweka, au kama kilikuwa hapo tangu enzi za wenye nyumba wa kwanza. Lakini ni jikoni mwake. Wakasema amemfunga mume. Wiki ile ile alipewa talaka, akarudi kwao na mtoto mgongoni, na mtaa mzima unajua kwa nini. Yule mtoto ndiye bwana harusi wa Ijumaa.

"Sikitaki si kwa sababu naamini kina nguvu," akasema. "Nguvu ni za Mwenyezi Mungu. Sikitaki kwa sababu siku moja kitaangukia kwenye jiko la huyu binti, na mie nisije nikawa miongoni mwa watakaomtazama."

Hoja zangu zote zikayeyuka. Vile thelathini vikanijia mbele ya macho, vyeupe, bila maua. Nikawaza viko majiko ya nani. Nikawaza kuna mke gani Mpanda au Sumbawanga atakayeulizwa juu ya kitu kilichotoka mkononi mwangu kwa shilingi 3,000.

Sijui nilipata wapi ujasiri, lakini nilimwambia. Nilimwambia kuhusu yule mtu na zile fedha. Alinyamaza muda mrefu, anachambua asumini zake. Nilidhani atanifukuza. Mwisho akasema, "Una msumeno?"

"Bi mkubwa?"

"Vikate. Nataka kuona ndani. Na watu wote waone ndani."

Tukatafuta msumeno mwembamba wa kukatia chuma kwa fundi wa jirani. Kuanzia baada ya Alasiri mpaka usiku, mie, yeye, wifi zake bibi harusi na watoto wa nyumba tulikaa uani tunakata. Tulikata shingo, tukakuna ndani kwa vijiko, mbegu na nyuzi kavu zikarundikana jamvini. Vitambaa tulijifunga puani maana vumbi lake linawasha. Vikawa vikombe vidogo vya wazi. Mdomo wa kila kimoja nikaupiga msasa, nikatoboa matundu, nikauzungushia mshono wa uzi wa rangi ya nguo ya harusi. Watoto walikuwa wakishindana nani kibuyu chake kina mbegu nyingi. Yule mama alivishika vyote sitini kimoja kimoja, akaingiza kidole ndani, akaviweka.

Siku ya harusi kila mgeni wa kike alipewa kikombe chenye asumini na kipande cha udi. Watu waliuliza nani kavibuni hivi. Bibi harusi akasema fundi. Mie nikasema mama mkwe.

Nilichojifunza

Niliporudi nilimuuliza ustadhi wetu juu ya vyombo hivi, maana sasa nilikuwa na hofu na kazi yenyewe. Akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Mwanzo Mtume, rehma na amani zimshukie, aliwakataza ujumbe wa kabila la Abdul-Qays kuloweka vinywaji katika vyombo vinne, na kimojawapo ni kibuyu, kwa sababu kinywaji humo hugeuka kileo haraka. Baadaye, kama ilivyo katika Sahihi Muslim, akaruhusu vyombo vyote na kukataza kileo chenyewe. Akanikumbusha pia Nabii Yunus, amani iwe juu yake, alipotupwa ufukweni akiwa mgonjwa. Katika Surat As-Saffat, aya ya 146, Mwenyezi Mungu anatueleza kwamba alimuoteshea mmea, na wafasiri wengi wamesema ni wa jamii hii ya mmumunye. Mmea uliomfunika Nabii hauna kosa.

Kwa hiyo kibuyu ni halali, na kazi yangu ni halali. Lakini fundi ana swali la kujibu: kitatiwa nini? Lile lile aliloniuliza bibi jirani yangu kwa maziwa yake, na mie nikaliona la kizamani. Surat Al-Maida, aya ya 2, inatukataza kusaidiana katika dhambi, na mwenye kuuza huku amefumba macho amesaidia. Zile 90,000 nilizitoa zote kwa wenye shida. Sikuzitoa kwa kutaka thawabu, ustadhi aliniambia hizo si zangu kuzitolea thawabu. Nilizitoa ziniondoke. Yule mtu alirudi msimu uliofuata, akaongeza bei. Nilimwambia sina, na nyuma yangu vibuyu vimetundikwa ukuta mzima. Akatabasamu, akaenda.

Vile thelathini siwezi kuvirudisha. Kila nikimuombea dua mke nisiyemjua, namuombea huyo.

Kwa dada anayetaka kujaribu

Mmea huu hata uani Unguja unaota, mradi una ua au kichanja cha kupandia. Zingatia haya:

- Usile tunda la aina ya kibuyu bila kuonja kipande kidogo kwanza. Likiwa chungu, teme na uliache lote, maana uchungu huo unaweza kukuumiza vibaya.
- Usikate mpaka kikonyo kikauke, na usianike kwenye jua kali, litapasuka.
- Ukikata au kusugua, funga kitambaa puani.
- Chombo cha kutilia chakula kiloweke na kukimwaga mara nyingi mpaka maji yasiwe machungu.
- Kibuyu ni cha kuwekea udi, si cha kuchomea. Makaa yatie kwenye chetezo, usije ukaunguza nyumba.
- Kikipasuka usikitupe. Toboa pande mbili za ufa, kishone.

Na wewe bibi harusi, ukiletewa kitu kizuri na mama mkwe akakikataa, usikimbilie kusema ni ushamba. Muulize kwanza, ukiwa umekaa chini, na umsikilize mpaka mwisho. Huenda kuna paa la makuti katika maisha yake ambalo hajawahi kumwambia mtu.

Yule mama sasa ni rafiki yangu. Zile mbegu za uani alizikusanya kwenye leso, akazipanda nyuma ya jiko lake. Mwezi uliopita alinitumia picha ya ua jeupe, imepigwa usiku, haionekani vizuri. Akaandika: "La kwanza hili. Nangoja kikonyo kikauke."

Mwenyezi Mungu azibariki kazi za mikono yetu, na azisitiri nyumba zetu kwa tusiyoyajua. Aamin.

Wabillahi tawfiq.